Damu ya Kipkemoi

Cheruto alianza kujidunga insulini akiwa kidato cha pili, na tangu hapo hakuwahi kuacha. Alijidunga katika chumba chake cha kupanga kule Karagita, alikokuwa akifunga waridi kwenye shamba la maua, na alijidunga akiwa na mimba za watoto wake wawili. Kisha figo zake zikachoka. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia, na akarudi Gilgil kwa mama yake pamoja na watoto.

Daktari Okeyo wa Nakuru alimweleza kwamba ilibaki njia moja: apandikizwe figo, na pamoja nayo kipande cha kongosho, kile kiungo kinachotengeneza insulini mwilini. Hospitali moja ya nje ya nchi ilikuwa tayari kumpokea, mradi ndugu yake mmoja atoe vyote viwili. Kipkemoi, mdogo wake anayechimba mawe meupe Kariandusi, hakungoja kuombwa.

"Sista, mnakata na nini?" alimuuliza Nyakio, muuguzi aliyewaandaa wagonjwa wa upandikizaji. "Panga ama wembe?"

"Kisu ya mkate," Nyakio alimjibu. "Na ukiendelea kuongea, tunaanza na ulimi."

Walichukua damu yake kidogo wakaipima pamoja na ya Cheruto. Hazikupigana; mwili wa dada ungevipokea viungo vyake. Tangu siku hiyo Kipkemoi akawa mtu mwingine. Aliacha pombe ya busaa, akaacha sukari kwenye chai, akawaachia wenzake nyama ya Jumamosi. Wakimcheka, alijipapasa tumbo na kusema, "Hii si yangu, ni ya dada. Mimi ni mlinzi tu."

Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza Cheruto alipoanguka jikoni. Mama yake na Kipkemoi walimkimbiza katika hospitali ndogo iliyokuwa karibu. Damu yake ilikuwa imepungua mno, akahitaji kuongezewa upesi. Damu ilikuwepo kwenye friji, lakini mama yao alisimama mlangoni akaweka mkono mbele ya muuguzi.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mtu aliyejitolea, mama. Imepimwa."

"Mtu wa wapi? Damu ya mtu nisiyejua kwao haiingii kwa mtoto wangu. Ndugu yake si huyu hapa?"

Katika nyumba yao ilikuwa hivyo siku zote. Aliyepungukiwa na damu alipewa na wa kwao. Kipkemoi alikuwa ameshakunja shati. Hakuna aliyekumbuka kumpigia simu Daktari Okeyo, na wale wa hospitali ndogo hawakujua lolote kuhusu safari ya upasuaji. Jioni Cheruto aliketi kitandani akanywa uji, midomo yake ikiwa imerudiwa na rangi. Mama yao alilia kwa furaha, naye Kipkemoi akazunguka wodini akionyesha plasta yake kama medali.

"Sasa wewe ni nusu mwanaume," alimwambia dada yake. "Kesho utanyoa ndevu."

Damu zao zilipopimwa tena kabla ya safari, zilipigana.

Nyakio alimwita Cheruto peke yake na kumweleza polepole. Mimba zilikuwa zimeshauzoesha mwili wake kukataa vitu vya watu wengine. Hata damu ya mgeni ingeweza kuongeza hatari hiyo, lakini ile ya Kipkemoi ilikuwa imeufundisha kumkataa yeye hasa. Sasa damu yake ilijaa kingamwili, yaani askari wa mwili, waliomngojea ndugu yake. Wakimpandikiza hivyo, figo na kongosho vingekufa mezani.

"Tutajaribu kuwapunguza," alisema Nyakio.

Ndivyo ilivyoanza miezi ya mashine na dawa. Cheruto alilala kando ya mashine iliyotoa damu yake, ikachuja maji ya damu hiyo ili kuwatoa askari, ikamrudishia. Alitetemeka kwa baridi chini ya blanketi tatu. Askari walipungua, na nyumbani watu wakaanza kuimba. Wiki iliyofuata waliongezeka. Wakachujwa tena, wakaongezeka tena, na kila mara Cheruto alitoka amekonda zaidi. Kipkemoi alikuja na vumbi jeupe bado limemkaa kwenye nyusi, akauliza swali lile lile: "Wameisha?"

Siku ya kipimo cha mwisho, Daktari Okeyo alivua miwani kabla ya kuzungumza. Mwili wa Cheruto haungestahimili kuchujwa tena. Mtoaji mwingine katika ukoo hakuwepo. Wote walikuwa wamepimwa. Angeendelea na insulini na kusafishwa damu kwa mashine ya figo, kwa kadiri moyo wake ungeweza.

Cheruto alimgeukia Nyakio, aliyesimama kando ya meza. Kisha akauliza, "Kipkemoi anajua ni ile damu?"

"Hajui," alisema Nyakio.

"Basi asijue. Wala Mama."

Kipkemoi alikuwa kwenye benchi nje. Alipouona uso wa dada yake alisimama, kofia mkononi.

"Ni mimi, eh? Ni ile pombe ya zamani. Nimeharibu kitu yako."

"Si wewe. Ni huu mwili wangu, kichwa ngumu."

"Kichwa ngumu tangu utoto," alisema, akajaribu kucheka. Alimtazama vizuri, midomo yake iliyopauka, mkono wake ulioshika ukuta. Akaanza kukunja shati.

"Umeisha damu tena, dada. Waambie wakuwekee yangu. Siku ile si ilikusimamisha?"

Cheruto aliutazama ule mkono, mishipa yake minene na vumbi jeupe lililobaki kwenye mkunjo wa kiwiko. Aliushika, akaushusha mkono wa shati taratibu hadi kwenye kifundo cha mkono, akamfunga kifungo kama alivyomfungia zamani Kipkemoi akienda shule.

"Ilinisimamisha," alisema. "Ile inatosha. Twende nyumbani."