Siku Nekesa Alipobaki Kwetu

Wiki jana, huko Kibomet, nilimwona mama mmoja amesimama kwenye geti lake akimkatalia mwanamume kuingia, na mtoto amejificha nyuma yake. Nikamkumbuka Nekesa.

Alikuwa jirani yetu kijijini Kabuchai tulipokuwa watoto, akilelewa na mjomba wake. Alasiri moja tulikuwa tukipukuchua mahindi uani, na harufu ya sukari guru iliyokuwa ikipikwa ng'ambo ya mto ilitufikia. Jua lilikuwa kali, lakini Nekesa alikataa kuvua sweta. Mama aliukunja taratibu mkono wa sweta hilo, akatazama. Kisha akamwingiza chumbani na kufunga mlango. Nilisikia maji yakimiminwa karaini na Nekesa akilia. Nilidhani ameiba kitu, anachapwa. Kumbe Mama alikuwa akimwosha vidonda.

Jioni mjomba akaja. "Mama Naliaka, niitie huyo mtoto twende."

Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na mwanamume, alisimama mlangoni na unga mikononi.

"Haendi. Kesho tutaenda kwa chifu, umweleze hizo alama."

"Ati nini? Si huyo ni mtoto wangu!"

"Leo ni wangu."

Mjomba aliondoka akitukana. Nekesa hakurudi kwake tena. Kwa muda mrefu alikuwa akikimbilia chini ya meza kila mtu alipopiga hodi. Mama hakumkemea. Alitoka kwanza yeye, akaangalia, halafu akaita kwa upole, "Nekesa, ni watu wetu tu. Njoo uwasalimie."