Mzee Magesa Alikuwa Bado Anaongea

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa umri kama wako, nilienda hospitali Musoma kumchukulia mama dawa za presha. Daktari alikuwa amembadilishia dawa, lakini ile mpya ilikuwa imeisha, tukaambiwa turudi. Mama akabaki nyumbani Kiriba, miguu imemvimba.

Pale dirisha la dawa alikuwaga mzee mmoja, Magesa, mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia maneno. Akaanza kunieleza. Mimi macho yalikuwa getini, maana gari la Kiriba lilikuwa karibu kuondoka. Nikaitikia "ndiyo, ndiyo," nikachukua bahasha, nikakimbia.

Kumbe alikuwa anasema ile dawa ya zamani iachwe. Mama akameza zote mbili. Siku ya tatu aliinuka jikoni, akaanguka mbele yangu. Nilijua nimemuua.

Tulimfikisha hospitali akiwa hai. Mzee Magesa aliposikia, aliacha dirisha lake akaja wodini.

"Binti," akaniambia bila kupaza sauti, "ulipoondoka nilikuwa bado naongea."

Heri angenifokea. Kisha akavuta kiti, akamwelekeza mama kidonge kimoja kimoja. Tangu hapo, kila mwezi mama akienda mwenyewe dirishani, mzee alikuwa anamtania: "Binti yako leo hana haraka?" Mama alicheka mpaka anashika ukuta.

Wote wawili wametangulia. Sasa mwenye presha ni mimi. Mjukuu wangu Nyangeta, yuko Bunda, anatuma picha ya cheti cha daktari kwenye famasia ya mtandaoni, na bodaboda ananiletea dawa hapa Kigera mpaka mlangoni. Nashukuru sana, magoti haya hayawezi tena benchi la hospitali. Lakini bodaboda akishaondoka, nabaki na mfuko mapajani, nyumba kimya, natamani mtu aniulize nimeamkaje.

Mwezi uliopita vilikuja vidonge vya rangi nyingine. Sikuvigusa. Nilipiga namba iliyo kwenye mfuko, akapokea mfamasia, sauti ya binti mdogo. Akaniuliza natumia dawa gani nyingine, akanieleza kwamba ni dawa ileile, ila kiwanda tofauti.

"Uliza tu, bibi," akasema. "Nina muda."

Mwanangu, nililia.

Basi agiza kwa simu, sikukatazi, mradi famasia iwe na kibali. Ila dawa usiyoielewa isiingie mdomoni kabla hujaongea na mwenye kuijua. Mtajie kila unachomeza, hata mitishamba ya nyumbani. Akieleza, msikilize mpaka anyamaze mwenyewe. Na ukimpelekea mgonjwa wako dawa, usimwachie mlangoni. Ingia, ukae naye kidogo.

Mungu akulindie mwili wako. Na siku utakapougua, akupe mtu wa kukuuliza hali na kungoja umjibu.