Mizani ya Kabula

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, mwalo wetu, pale ziwani samaki wanaposhushwa, ulikuwa na kelele kuliko kawaida, na kelele zote zilimwangukia Kabula, mjane aliyekuwa akiuza sato kwa kilo. Mizani yake ya springi ilining'inia kwenye boriti ya kibanda. Asubuhi ile mteja wake, Leokadia, alikwenda kupima tena samaki wake kwa jirani, akakuta wamepungua uzito.

"Mwizi huyo!" Masanja mvuvi alipaza sauti kuwashinda wote. "Mjane gani ananenepa hivyo?"

Watu wakacheka, nasi mabinti tukiwamo. Wengine walishaanza kumtolea mabeseni nje. Akifukuzwa mwaloni, wanawe watano wangekula nini?

Akaja Mama Holo, mkubwa wetu sote pale, na ndoo mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama.

Hakuuliza nani mkweli. Aliitazama mizani ikiwa tupu: mshale ulikuwa umeipita sifuri. Akatundika ndoo, na pale kitako chake kilipofika akachora alama kwa mkaa kwenye nguzo. Akamimina chupa ya maji, akachora. Chupa nyingine ya ujazo uleule, akachora tena. Maji hayana shemeji, mwanangu. Alama zilikaa karibu karibu, lakini zilipishana kwa nafasi sawasawa. Akaishusha ndoo. Mshale ukarudi palepale, umeipita sifuri.

"Inavutika vizuri," akasema, "ila inaanzia pasipo pake, ndiyo maana inazidisha kilo. Hii imebebeshwa mzigo uliozidi nguvu zake. Jana nani alitundika nini hapa?"

Kisha Masanja akajikuna kichwa.

"Mimi, mama. Kabula alikuwa ameenda kuteka maji. Nilitaka tu kujua uzito wa sangara wangu."

"Yule uliyejisifia kutwa nzima?"

"Huyohuyo."

"Basi rudisha mabeseni ya mwenzio. Na mizani hii uipeleke mwenyewe kwa fundi kule Igoma." Akatugeukia sisi mabinti. "Na nyie, kucheka mmejua, kutazama mshale hamkujua?"

Siku ile Kabula aliuza kwa mizani ya Mama Holo, na Leokadia akaongezewa samaki wake.

Mwanangu, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ukisikia mtu anaitwa mwizi, usiongeze sauti yako. Kikague kwanza kitu chenyewe, kisha uulize nani mwingine alikishika. Aliye mwepesi wa kupiga kelele muulize mapema. Mungu akujalie jicho lenye subira, na siku utakaposingiziwa wewe, asikunyime wa kukusimamia.