Chai ya Stivia Nyumbani kwa Osundwa

Hezekiah Osundwa alikata miwa kule Butere tangu ndevu zilipoanza kumwota hadi zikaingia mvi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba utamu nao huua. Aliambiwa kliniki, na muuguzi wa rika la bintiye. Eti ugonjwa wa sukari! Yeye, aliyeilisha Kenya nzima sukari!

Miwa aliiacha bila kinyongo, maana hata meno yalikwisha kumuaga. Kilichomuuma ni chai. Kwake chai hupikwa na sukari humo humo sufuriani, kisha kila mtu akamiminiwa. Sasa mkewe, Nanjala, alimpikia yake kando, naye akaibeba nje kuinywa peke yake. Huko nje aliwakumbuka wakataji wenzake wakija na masizi ya shamba lililochomwa, mikono myeusi hadi viwikoni, na Nanjala, msichana bado, akiwapokea kwa chai tamu ya kunata midomoni. Siku zile zilikuwa na raha, tusidanganyane.

Alijaribu ujanja wa sukari nguru. Alijiambia hiyo ni ya miwa ya nyumbani, haijaona kiwanda, itamdhuru vipi? Akawa anaimung'unya kwa siri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Osundwa aliwahi kuumbuliwa na kipimo, na muuguzi akamfokea kama mtoto.

Ndipo binti yao, Dinah, akaleta mche wa stivia kutoka Lurambi. Majani yake ni matamu, alisema, na hayapandishi sukari mwilini. Nanjala aliupanda nyuma ya jiko. Ulipostawi, akatia majani konzi nzima, kwa mkono ule ule uliozoea sukari. Chai ikawa tamu hadi ikageuka chungu. Osundwa aliitema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nanjala akajifunza kutia majani machache. Jioni moja akapika chai moja tu, akamimina vikombe viwili. Osundwa akaketi naye mekoni. Alikuwa amepakosa mahali hapo kuliko alivyoikosa sukari. Kisha akamwona mkewe akimeza huku amekunja uso.

"Mama Dinah, wewe si mgonjwa. Jipikie yako na sukari."

"Sitaki."

"Kwani hii unaipenda?"

"Hapana. Inakaa dawa." Akapiga funda jingine. "Lakini nikipika yangu, utarudi kunywanga huko nje. Nimechoka kukunywa chai peke yangu."