Domingas na Mtembeza Wageni

Domingas Varela alizaliwa katika kambi ya vibarua ya shamba la kakao la Água Funda, kisiwani São Tomé. Wazazi wake waliletwa na meli kutoka Cabo Verde, kwa mkataba wasioweza kuusoma. Alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utotoni mama yake alipoingia hospitali ya shamba kujifungua, akatolewa kwa mlango wa nyuma, maiti.

Wareno wenye shamba walipoondoka, kakao ikamezwa na pori, sisi wa kambini tukabaki. Halafu likaja shirika la utalii, likapaka chokaa nyumba ya bwana, likazungusha ukuta, likasema hapa ni mahali pa urithi. Domingas akaajiriwa kugeuza kwa miguu kakao iliyoanikwa juani, mbele ya watalii, kama ujanani, ila sasa amefungwa kilemba walichomchagulia.

Mtembeza wageni alikuwa Adérito, mtoto wa mjini. Mababu wa watu wa mjini walikataa kushika panga la kibarua humu shambani, na mpaka leo wanatucheka kwamba wetu walikubali.

Siku moja Adérito aliwaonyesha wageni hospitali, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Umewaambia nini?" Domingas akauliza.

"Kwamba vibarua walitibiwa bure."

"Waambie na habari ya mama yangu."

"Mama, hawa wamekuja kupumzika. Geuza kakao."

"Nimesema waambie."

Adérito akawageukia, akasema maneno mawili matatu kwa lugha yao. Wakacheka. Mmoja akampigia Domingas makofi.

Domingas akatoka kwenye kakao, akamkamata mkono mwanamke mmoja wa Kizungu, akamburuta hadi nyuma ya hospitali. Akamwonyesha mlango. Kisha akalala chali mavumbini, mikono tumboni, macho wazi. Yule mwanamke akaelewa, akaanza kulia.

Jioni Adérito akamfuata kambini. "Umeniaibisha. Kesho usije."

"Na wewe usipite mlangoni kwangu, kibaraka mkubwa."

"Mlango gani? Hata choo unachoendea si chako."

Kisheria alisema kweli, kambi nzima ni mali ya shirika. Mvua zilipoanza, shirika likamtoa chumbani, tukambebea godoro hadi kibanda cha mbao nje ya ukuta. Sasa anachoma mashelisheli barabarani, watalii wanaposhukia. Adérito humsalimia kwa sauti tamu akiwa na wageni. Domingas hutema mate karibu na viatu vyake.

Mwaka jana mama yake Adérito alifariki, kambi nzima tukaenda kuzika. Domingas hakwenda. Nilipomuuliza, alikuwa anapuliza makaa.

"Marehemu sina neno naye," akasema. "Lakini nikimwona yule analia nitafurahi, na sitaki watu wanione."