Kilichokuwa Kwenye Pindo la Kanga Yangu

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili msifike katikati mkaanza kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Si la jirani, si la muuza dawa, wala si la mkamwana wangu. Ni langu, na nimechoka kukaa nalo.

Mimi ni bibi wa Iyunga, hapa Mbeya, mpika pombe ya ulezi. Wanaonijua wanasema nina ulimi mkali. Kweli ninao. Shule sikukaa, kusoma nilifundishwa na mwalimu wa dini, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda yanyoosheni wenyewe. Jina sitaji. Wa Iyunga watanijua tu. Wanijue!

Mwanangu wa mwisho alioa binti wa Kihehe, kwao ni upande wa Iringa. Binti mtaratibu, anayeitika kabla hujamaliza kumwita. Mtoto wao alipozaliwa, mwanangu akaondoka kwenda migodini huko Kusini, kama vijana wetu wengi wanavyofanya. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mama, nakuachia mke na mtoto. Niangalizie."

Nikamwangalizia! Jamani, nilimwangalizia kweli.

Mtoto nitamwita Atupele, ingawa si jina lake. Alikuwa anaanza kukaa mwenyewe ulipoingia ule msimu wa baridi na ukungu, akashikwa na kikohozi. Usiku kifua kinakoroma kama paka. Mama yake akasema tumpeleke hospitali. Mimi nikasema hospitali ya nini, dawa ziko sokoni.

Palikuwa na mtu sokoni, anabeba mfuko wa ngozi, anasema alikuwa dresa, mfunga vidonda, jeshini wakati wa vita. Alinionyesha vidonge vya maganda ya njano, ndani vina unga. Akaniambia, "Bibi, hii si dawa ya mitishamba. Hii inaua kila kidudu kilichomo ndani ya mtu."

"Kila kidudu?"

"Hakibaki hata kimoja."

Nikafurahi kama mjinga. Nikanunua. Nikapasua ganda, unga nikaukoroga kwenye uji na sukari, maana ni mchungu. Mtoto akanywa. Kikohozi kikaisha, nami nikavimba kichwa! Nikawaambia wanawake wote kilabuni, ninakouza pombe, kwamba mimi ni daktari kuliko madaktari.

Hapo ningeacha, leo nisingekuwa na la kuungama. Lakini vidonge vilibaki, nikavifunga kwenye pindo la kanga yangu. Atupele akipiga chafya, napasua ganda. Akichelewa kulala, napasua ganda. Asipokuwa na lolote nampa pia, ili lisije. Vikiisha, narudi kwa yule mtu wa mfuko.

Mkamwana wangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, si ameshapona? Hiyo dawa ni ya nini tena?"

Nikamwambia, "Wewe umezaa mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Basi nyamaza. Mimi nimezaa mpaka nikachoka."

Akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Sasa mtoto akaanza kubadilika. Ulimi ukaota utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, ukaenda mpaka mashavuni. Akishika ziwa analia, analiachia. Tumbo likajaa kama ngoma. Akaharisha maji maji, povu, na harufu chachu kabisa. Matako yakawa mekundu, yakachubuka. Mimi nikachukua kitambaa na chumvi nikaukwangua ule utando mpaka damu ikatoka. Mtoto alilia, jamani, alilia mpaka sauti ikapotea akawa anafungua mdomo tu. Kesho yake utando umerudi.

Nikaongeza sukari kwenye uji apate nguvu. Nikaongeza na kidonge.

Jirani yangu mmoja akaja, akamfunua mtoto, akamtazama mbavu. Akasema, "Shoga, acha kujidanganya. Huyu amebemendwa."

Msioijua imani hii niwaeleze. Mtoto anayenyonya akikonda na kuharisha, watu husema mama yake amelala na mwanamume kabla ya kumwachisha, maziwa yameharibika. Ndiko kubemendwa. Dawa yake ipo, ila wanasema haishiki mpaka mama amtaje mwanamume mwenyewe, mbele ya watu.

Na mwanangu alikuwa migodini! Basi mkamwana ana mtu. Nilifikia hapo palepale, hata ugali jikoni haujaiva.

Nilimwita kilabuni mchana, wanawake wamekaa na vibuyu vyao. Nikampakata Atupele nikamwonyesha kila mtu. Nikasema, "Mtazameni huyu. Mfupa mtupu. Mama yake yule pale, amenawiri. Taja!"

"Nitaje nini, mama?"

"Usinichezee. Taja uliyelala naye."

"Sijalala na mtu. Tangu mume wangu aondoke sijalala na mtu."

Mwanamke mmoja akacheka, "Labda ni upepo!" Wengine wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo naamka nayo kila asubuhi. Nikamwambia, "Sawa. Kaa kimya na heshima yako. Mtoto akifa, umemuua wewe kwa kunyamaza. Ukitaja anapona. Chagua."

Alisimama. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni fundi cherehani. Yule mzee wa barazani mjini. Haya, nimetaja. Mpeni mtoto dawa."

Wanawake wakapiga vigelegele vya kebehi. Na mimi, mwe! Mimi nikajiona nimeshinda.

Dawa ya mitishamba ikachemshwa, mtoto akaogeshwa. Mama yake nikamfungia vitu vyake kwenye shuka, nikamsindikiza mpaka barabarani akapanda basi la Iringa. Mtoto nikambakiza. Ni damu yetu, nilisema. Matiti ya mama yake yalikuwa yamejaa, kifua cha gauni kimelowa, nami nikageuza uso.

Atupele hakupona. Angeponaje? Nimemnyima ziwa, nimemwachia uji wa sukari na vidonge vya njano. Akawa halii tena. Mtoto mgonjwa anayelia bado ana tumaini, huyu alikuwa ananitazama tu. Shingo haishiki kichwa.

Nitasema ukweli wote, hata huu unaonuka. Sikumpeleka Iringa ili aponywe. Nilimpeleka ili afie mikononi mwa kwao na si mikononi mwangu, mwanangu akirudi asiniulize.

Nilipanda basi naye amefungwa mgongoni, mwepesi kama furushi la majani makavu. Kila mteremko nageuza mkono nyuma kupapasa kama bado anapumua. Tulifika kwao siku ya pili. Mkwe mwenzangu, mama yake yule binti, alikuwa uani anapepeta mahindi. Aliponiona akaweka ungo chini akasema, "Kamwene." Alinisalimu! Mimi niliyemfukuza mwanawe kwa aibu, alinisalimu kwanza.

Mkamwana akatoka ndani. Hakusema shikamoo. Alimfungua mtoto mgongoni mwangu, akampakata, akaanza kukimbia. Namaanisha kukimbia, na kanga inamdondoka, kuelekea hospitali ya misheni. Mimi mzee nikamfuata nyuma nahema, mkwe mwenzangu ananishika mkono nisianguke.

Sista aliyempokea alimfungua mtoto mdomo, akatazama matako, akabonyeza tumbo. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatika, "Huyu amekula dawa gani?"

Nikasema, "Hakuna. Maji ya mizizi tu."

Mkamwana wangu akageuka. Hakupiga kelele. "Mama, toa."

"Nitoe nini?"

"Kilichomo kwenye pindo. Toa, mama. Tafadhali."

Fundo likakataa kufunguka. Akalifungua yeye, akaviweka mezani. Vidonge vya njano. Sista akavitazama, akanitazama.

"Amekula vingapi?"

"Sijui."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze."

Sista akaketi. Akanieleza taratibu, na yale niliyaelewa kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Alisema dawa ile ni nzuri kwa ugonjwa wake, ikitolewa na anayejua, kwa siku zilizopangwa. Lakini tumboni mwa mtu kuna vijidudu vyema vilivyowekwa na Mungu kulinda, na dawa ile haichagui. Nimeviua. Palipobaki patupu pakaota ukungu, ndugu wa ile chachu ya pombe. Ndio ule utando mdomoni, na ndio uliomchachua tumbo na kumchubua. Na mimi nikawa naumwagia sukari.

Mimi ni mpika pombe! Maisha yangu yote nimeiona chachu ikipata chungu kitamu kisicho na cha kuizuia. Naijua inavyofura, inavyotoa povu, inavyosukuma kifuniko. Nilikuwa nainusa harufu ile kwenye nepi za mjukuu wangu kila siku, halafu nikaenda kutafuta mwanamume!

Nikauliza, "Sista, na maziwa ya mama yake?"

"Maziwa yana nini? Maziwa ndiyo dawa. Arudi kunyonya leo."

Wakampaka dawa ya zambarau mdomoni, wakakataza vidonge, wakakataza sukari. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamepungua lakini alikaa pale anamweka mtoto kifuani, anamweka tena. Siku moja Atupele akavuta, akameza, akavuta tena, midomo yote ya zambarau. Mkwe mwenzangu akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mlango.

Hapo nikamuuliza mkamwana wangu. Nilikuwa najua jibu, lakini nikauliza. "Na yule fundi?"

Hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Hakuna fundi, mama. Ulisema nisipotaja atakufa. Huyo ndiye mwanamume pekee wa mjini niliyekuwa namjua. Alinishonea kigauni cha mtoto."

Ole wangu! Angenipiga kofi ningeshukuru.

Mtoto yu hai. Anakimbia sasa, huko Iringa kwa bibi yake mwingine. Nilipokwenda kumwona alijificha nyuma ya kanga ya mama yake akauliza, "Yule nani?" Mama yake akamjibu, "Ni bibi. Msalimie." Akanisalimia kwa mbali.

Lakini mengine hayakupona. Yule fundi, mzee wa watu, alifunga cherehani yake akaondoka Mbeya, maana kila akipita watoto walikuwa wanamwimba. Sijui aliko. Mwanangu habari zilimfikia hukohuko migodini, watu wanaorudi hawakosi. Alipokuja alikuwa na mke mwingine. Nilipiga magoti, mimi mama yake, nikamwambia mke wako hakukosa, aliyekosa ni mimi. Akasema, "Mama, alitaja mwenyewe mbele ya kilabu kizima. Mtu hataji bure."

Nilikwenda kilabuni palepale nikasimama nikasema yote. Yule mwenye mzaha akasema, "Bibi leo umeionja mwenyewe pombe yako," wakacheka. Siku ile ya uongo waliniamini wote. Siku ya ukweli nikawa mlevi.

Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu umekosa nguvu, labda karatasi itakuwa nazo.

Nyinyi wenye watoto na wajukuu, dawa ya hospitali si peremende. Usiinunue mfukoni mwa mtu, usiifunge kwenye pindo ukawa unampa mtoto kila akipiga chafya. Mtoto akiota utando mdomoni, tumbo likachacha, usimkwangue, mpeleke apimwe. Na ukisikia jirani anasema amebemendwa, mfunge mdomo jirani huyo kabla hujamgeukia mama wa mtoto. Mama akiambiwa ataje ili mwanawe apone, atataja. Atakutaja hata wewe!

Na nyinyi wa Iyunga mliokuwa kilabuni siku ile, nawaomba jambo moja. Mkimaliza kusoma, someni tena kwa sauti, mwanangu akiwa karibu. Mkewe hakuwa na mwanamume. Kilichombemenda mtoto kilikuwa kwenye pindo la kanga yangu.