Mkono wa Taipu na Konokono wa Majengo

Miaka ya sabini nilipanga chumba Majengo, Nyeri, nikisomea taipu. Mlangoni nilikuwa na miche mitano ya sukuma wiki, kila mmoja ndani ya mkebe wake, na konokono waliipenda kuliko mimi. Kila asubuhi ya mvua nilitoka na chumvi nikawanyunyizia bila huruma. Jirani yangu, mama mzee Mwislamu aliyeuza viungo barazani, hakupendezwa.

"Msichana, hao wamekukosea nini?"

"Wanamaliza mboga yangu, Nyanya! Kwani chumvi ni yako?"

Hasira zangu zilikuwa karibu siku hizo. Tukanuniana mwezi mzima.

Kisha, majuma matatu kabla ya mtihani, nikakaanga mandazi kwa pupa, mafuta yakanirukia mkono wa kulia. Vidole vitatu vikatoka malengelenge. Zahanati walinisafisha, wakanifunga bendeji, wakaniambia nisubiri. Nisubiri! Bila cheti ningerudi kwetu kijijini, Wamagana, kuchuma kahawa na mama, ambaye alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba bintiye ni karani. Niliogopa sana, nikalia kwa sauti.

Jirani akaingia bila hodi, akaufungua mkono, akautazama.

"Hapa panataka konokono."

"Ati konokono? Nyanya, hiyo kitu hatukulangi kwetu."

"Hata sisi hatuli. Nani amekuambia umle? Atakutembelea tu."

Nilitambaa kati ya mikebe nikitafuta. Hakukuwa na hata mmoja, nilikuwa nimewamaliza. Niliona aibu hadi masikioni. Yeye akaenda kwake, akarudi na sufuria kuukuu. Ndani walikuwa konokono sita, wanono, juu ya majani ya sukuma.

"Hawa niliwawahi kabla ya chumvi yako."

"Na hayo majani?"

"Yako. Ulitaka wafe njaa?"

Basi kila alasiri aliwaosha kwa maji safi, akamweka mmoja mkononi mwangu. Baridi! Akapita polepole akiacha ute wake, nami, niliyeshindwa kutulia hata kumaliza chai, nikaambiwa nisitikisike. Kidole cha shahada kilivumilia, cha kati pia. Cha pete kilikuwa na mtekenyo, kila mara nilikivuta nikicheka, naye akanigombeza.

Kama kilichoniponya ni bendeji au konokono, siwezi kuapa. Siku hizi wajukuu hunionyesha ute huohuo ndani ya vichupa vya mafuta ya kupaka usoni, nami hucheka peke yangu. Ninachojua ni kwamba siku ya mtihani vidole vilipiga taipu, na cheti kilipotoka nilimpelekea yeye kwanza, kabla ya mama.

Alikishika juu chini. Hakujua kusoma, na mimi sikuwahi kumwuliza. Akakiweka kando, akauchukua mkono wangu, akapitisha kidole chake juu ya vyangu, kimoja kimoja, hadi akafika kwenye kovu la kidole cha pete.

"Hapa," akasema, "ulinikatalia."

Nikamwomba msamaha, wa kidole na wa chumvi.